Muziki Uliobaki Filamu Zilipokwisha

Mwaka 1953 kampuni ya MGM ya Marekani ilitoa filamu iitwayo Mogambo. Waigizaji wake wakuu walikuwa Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly, na kwenye orodha ya walioshiriki liliandikwa pia jina la Wahaya wa Tanganyika. Miaka tisa baadaye, 1962, kampuni ya Paramount ilitoa Hatari!, filamu ya kukamata wanyama iliyopigwa kaskazini mwa Tanganyika, John Wayne akiwa mwigizaji mkuu.

Mogambo haikutungiwa muziki wa okestra hata kidogo. Iliachiwa ngoma na sauti za watu wa huku. Hatari! ilipewa jazi ya Henry Mancini. Leo muziki wa Hatari! ungali unapigwa na bendi za shule Marekani, unasikika kwenye matangazo na kwenye vipindi vya watoto, na wengi wanaoupiga mluzi hawajawahi kuiona filamu yenyewe. Ngoma za Mogambo nazo zimebaki humo humo ndani ya Mogambo. Ukitaka kuzisikia, sharti uikodolee macho filamu nzima.

Tunaoishi Karagwe na Kyerwa tunapakana na Mto Kagera, mto uleule ambao watu wa MGM walipiga kambi kando yake. Kwa hiyo swali la kwa nini muziki mmoja umeishi na mwingine umefungiwa si la wapenzi wa sinema peke yao. Ni historia yetu, na inaanza kabla kamera haijafika.

Bweranyange na enanga

Novemba 1861 John Hanning Speke na James Grant walifika kwa Omukama Rumanyika wa Karagwe, ikulu yake ikiwa Bweranyange. Grant aliugua mguu akabaki huko miezi kadhaa, na Speke akatangulia Buganda. Vitabu vyao vinasimulia mengi juu ya ng'ombe, chuma na watu wa ikulu, ila kinachonivuta mimi ni maelezo ya sherehe ya mwezi mwandamo: ngoma nyingi zimepangwa chini mbele ya nyumba ya mfalme, kila ngoma na mpigaji wake, na kundi jingine la wanamuziki. Hii ilikuwa okestra ya dola. Ilikuwa na kazi maalumu, siku maalumu na watu walioteuliwa kuifanya.

Sambamba na ngoma za ikulu palikuwa na muziki wa mtu mmoja, enanga. Ala hii ni ubao uliochongwa ukawa na bonde katikati kama hori dogo, na uzi mmoja mrefu unaopitishwa huku na huku kwenye meno yaliyochongwa ncha zote mbili hadi ukawa nyuzi kadhaa. Mpigaji huiegemeza mwilini, akazitekenya nyuzi kwa vidole na kusimulia: vita, ndoa, wafalme, mashujaa, usaliti. Masimulizi hayo ni marefu, na Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyatafiti kwa kina akaonyesha kuwa ni tendi kamili, zenye ufundi wa kulinganishwa na tendi za mataifa mengine. Mpigaji wa enanga hakuwa mtu asiye na jina. Watu walimjua, wakamwita kwa sifa yake, wakamlinganisha na mwenzake wa kijiji cha pili.

Nalitaja hili mapema kwa makusudi, kwa kuwa huko mbele tutaona jina la mpigaji likipotea.

Sinema iliyosemeshwa na santuri, 1935–1937

Filamu za kwanza kutengenezwa kwa mpango katika Tanganyika zilitoka Vugiri, milima ya Usambara. Mradi huo uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, fedha zake zikitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani, na msimamizi wa upigaji filamu akiwa Meja L. A. Notcutt. Kati ya 1935 na 1937 walitengeneza filamu fupi 35 na kuzitembeza kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na mbele zaidi. Masomo yalikuwa ya afya, kilimo, posta na ushirika.

Filamu zile zilikuwa bubu. Sauti ilikuja kwenye santuri iliyopigwa pembeni wakati picha inakwenda, na maelezo yakatafsiriwa kwa lugha ya mahali. Yaani tangu mwanzo, kwetu sisi, sauti ya filamu ilikuwa kitu kinachobandikwa juu ya picha na mtu mwingine, mbali na mahali picha ilipopigwa. Mradi ulikufa 1937, ila desturi hiyo haikufa nao.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, serikali ya mkoloni ilirudi kwenye sinema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa filamu za Kiswahili, mojawapo Muhogo Mchungu, na mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana wa idara ya maendeleo ya jamii aitwaye Rashidi Kawawa. Tutakutana naye tena.

Kambi kando ya Mto Kagera, 1950–1953

Mwaka 1950 yalitokea mambo mawili yasiyohusiana. La kwanza, Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine yake ya kunasia sauti, akarekodi muziki wa makabila mengi, Wahaya wakiwamo. Nyimbo hizo zilikwenda Afrika Kusini na baadaye zikawa sehemu ya hazina ya maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha 1954. La pili, MGM ilitoa King Solomon's Mines, iliyopigwa Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo na Rwanda. Mtayarishaji wake, Sam Zimbalist, aliamua kutotumia okestra. Masikio ya mtazamaji yaliachiwa ngoma na nyimbo zilizonaswa Afrika. Filamu ikajaza kumbi na kupata tuzo za Oscar za upigaji picha na uhariri.

Jambo likifaulu mara moja, matajiri wa Hollywood hulirudia. Zimbalist akarudi Afrika mwishoni mwa 1952, safari hii na mwongozaji John Ford, kutengeneza Mogambo. Kenya ilikuwa imetangaziwa hali ya hatari Oktoba mwaka huohuo kwa sababu ya Mau Mau, na msafara ulitembea na ulinzi wa silaha. Kando ya Mto Kagera, upande wa Tanganyika, ikasimamishwa kambi kubwa ya mahema, na kiwanja cha ndege kikafyekwa porini ili vyakula, mikanda na waigizaji viingie na kutoka.

Hapa ndipo Wahaya walipoingia kwenye filamu. Tukumbuke kuwa wakati ule Karagwe ilikuwa moja ya himaya zilizowekwa pamoja ndani ya Wilaya ya Bukoba, na kwenye makaratasi ya serikali Mnyambo, yaani mwenyeji wa Karagwe, na Mhaya waliandikwa kapu moja mara nyingi. Filamu nayo ikafanya vivyo hivyo: Wasamburu wa Kenya, Wagenia wa Kongo, Wahaya wa Tanganyika, Wambeti wa Afrika ya Ikweta ya Kifaransa. Watu wa makabila manne walitajwa kwa majina ya makabila yao tu.

Kwa wakati wake ilikuwa heshima. Filamu nyingi za miaka ile hazikutaja Mwafrika yeyote. Hata hivyo angalia kilichotokea. Ava Gardner ana jina. Mpiga picha Robert Surtees ana jina. Mtu aliyetoka nyumbani kwake asubuhi, akabeba ngoma hadi mtoni, akapiga hadi mkono ukafa ganzi ili sauti yake isikike London na New York, huyo akawa kabila. Gardner na Kelly waliteuliwa kugombea Oscar kwa filamu hiyo. Mpiga ngoma alirudi shambani kwake.

Nionavyo, hilo ndilo pigo la kwanza kwa uhai wa muziki ule. Muziki usio na jina la mwenyewe hauna wa kuupeleka studio, hauna wa kuudai na hauna wa kuurudia jukwaani mwaka unaofuata akisema: huu ni wangu.

Jazi yaingia kwenye sinema, miaka ya 1950

Wakati Mogambo ikizunguka duniani, Hollywood ilikuwa inabadilika masikio. Mwaka 1951 Alex North alikuwa ameingiza jazi katika muziki wa A Streetcar Named Desire. Mwaka 1955 Elmer Bernstein akafanya hivyo katika The Man with the Golden Arm. Desemba 1957, mjini Paris, Miles Davis aliingia studio na wapigaji wanne, wakatazama vipande vya filamu ya Louis Malle na kupuliza papo hapo bila kuandika nota za kutosha hata ukurasa. Mwaka 1959 Duke Ellington akatunga muziki wa Anatomy of a Murder.

Muziki huo ulikuwa na tabia ambayo okestra za zamani hazikuwa nayo: ulisimama wenyewe. Mtu aliweza kununua santuri, akaiweka nyumbani usiku, akaisikiliza bila kuhitaji picha. Makampuni ya santuri yaliligundua hilo haraka, na mtu aliyelitumia vizuri kuliko wote alikuwa Henry Mancini. Muziki wake wa kipindi cha televisheni cha Peter Gunn, 1958, uliuzwa kwa wingi ajabu. Kufikia 1962 alikuwa na Oscar mkononi kwa wimbo wa Moon River.

Kutoka Momella hadi studio, 1960–1962

Howard Hawks aliingia Tanganyika mwishoni mwa 1960. Makao yake yalikuwa Momella, chini ya Mlima Meru. Alitaka filamu isiyo na hadithi nyingi: watu wanakamata vifaru, twiga na nyati kwa kamba, kwa ajili ya kupeleka kwenye bustani za wanyama. Waigizaji walifukuza wanyama wenyewe, magari yakiruka mashimo, na ndiyo maana vipande vile bado vinamtisha mtazamaji. Hardy Krüger, Mjerumani aliyeigiza humo, aliipenda Momella hadi akanunua shamba hapo na kukaa miaka mingi.

Hawks aliporudi Marekani alikuwa na mzigo wa ala alizokusanya Afrika Mashariki: malimba, vibuyu vya kutikisa, maganda makubwa ya mbegu yaliyokauka yanayochakarika ukiyatingisha. Alikuwa amewafikiria watunzi wengine, Dimitri Tiomkin mmojawapo, lakini alitaka muziki usioegemea vinanda vya nyuzi vya okestra. Hatimaye kazi ikaenda kwa Mancini, na ala zile akakabidhiwa.

Alizitumia. Kwenye kipande kinachofungua santuri, The Sounds of Hatari, unasikia michakariko na midundo ikitangulia kabla vyombo vya kupuliza havijaingia kwa nguvu. Sauti za huku zikawa msingi, na juu yake ikajengwa bendi kubwa ya jazi. Wapigaji wake walikuwa mafundi wa Los Angeles, miongoni mwao mpiga ngoma Shelly Manne.

Ila kilichoifanya filamu isisahaulike ni kipande kifupi ambacho nusura kisiwemo. Hawks alikuwa na picha za Elsa Martinelli akiwapeleka ndama watatu wa tembo kuoga. Haikuwa sehemu ya hadithi. Hakujua aitupe au aiache, akamwomba Mancini aitazame. Mancini akaitazama mara kadhaa, akaona jinsi wale ndama wanavyotupa miguu, akasikia humo mwendo wa mapigo manane wa bugi, ule wa piano za vilabu vya Wamarekani weusi wa miaka ya nyuma. Akaandika Baby Elephant Walk.

Isikilize kwa makini siku moja. Inaanza na besi inayozunguka, nzito na ya kivivu kidogo, kwenye kinanda cha umeme chenye sauti ya filimbi za sarakasi. Halafu inaingia klarineti ndogo, ile yenye sauti ya juu kabisa, ikichezacheza kama mtoto anayejua kuwa anatazamwa. Hakuna kinachoharakishwa. Uzito wa tembo uko chini, utoto wake uko juu, na vyote viwili vinatembea pamoja. Mtunzi hakuigiza Afrika kwa ngoma za kubuni, jambo lililokuwa ugonjwa wa Hollywood wakati ule. Alimtazama mnyama mwenyewe, akamtafutia mwendo katika muziki anaoujua.

Filamu ilitoka Juni 1962. Kati ya kupigwa kwake na kutoka kwake, Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu kwenda kuijenga TANU, na nafasi yake ikachukuliwa na Rashidi Kawawa, yule mwigizaji wa Muhogo Mchungu. Nchi iliyoonyeshwa kwenye Hatari! kama uwanja wa wageni wa kuwindia ilikuwa tayari inaongozwa na mtu aliyewahi kusimama mbele ya kamera kwa Kiswahili. Dunia haikuona filamu zake. Iliona ya John Wayne.

Kilichoidumisha

Mwaka uleule wa 1962 Lawrence Welk aliitoa Baby Elephant Walk kwa mtindo wake, na wengine wakafuata. Mancini akashinda Grammy kwa upangaji wa muziki huo wa ala. Santuri ya RCA Victor ilikuwa na vipande vingine vizuri, Night Side, The Soft Touch, Trip to Masai Wells, na vyote vilipangwa kwa ajili ya kusikilizwa sebuleni, si vipande vilivyokatwa tu kutoka kwenye filamu. Hili ni jambo kubwa. Mancini alikuwa na desturi ya kuurekodi upya muziki wa filamu kwa ajili ya santuri, akiunyoosha uwe na mwanzo na mwisho wake. Nota zikachapishwa, na nota zikishachapishwa, mwalimu wa muziki popote alipo anaweza kuwafundisha watoto arobaini wenye tarumbeta.

Uzuri wa muziki peke yake hauelezi haya. Ngoma zilizonaswa mtoni nazo zilikuwa nzuri, na kwa masikio yangu ndizo zinazoipa Mogambo pumzi, kuliko mapenzi ya Gable. Ila hazikutolewa kwenye filamu zikatengenezewa njia yao. Hazikuwa na mtunzi aliyetajwa, wala nota, wala mtu wa kuambiwa: njoo upige tena.

Jazz zetu wenyewe

Isidhaniwe kuwa Watanganyika walikuwa wamekaa kimya. Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932. Zikafuata Morogoro Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, na mwaka 1964 NUTA Jazz. Muziki wao ulikuwa dansi, rumba iliyokolezwa kwa magitaa na saksafoni, tofauti na jazi ya Mancini, ila jina walilichukua kwa fahari. Bendi hizi zilirekodi Radio Tanzania, na redio ikazifikisha hadi vijiji vya Kaisho na Nyakahanga ambako hakukuwa na ukumbi wa sinema.

Filamu na bendi zingeweza kukutana. Serikali iliunda Tanzania Film Company mwaka 1968. Lakini fedha zilikuwa chache na kazi nyingi zilikuwa za habari na elimu, muziki ukija kama kijazilizo. Nasikitika ninapowaza kuwa mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz aliishi katika zama hizo na hakuna aliyempa filamu nzima aitungie muziki.

Kagera ikasikika tena Marekani, 2001–2013

Mwaka 2001 Saida Karoli, binti wa Kagera, alitoa Maria Salome, wimbo ambao nchi nzima iliuita Chambua Kama Karanga. Aliimba Kihaya. Watu wa Mtwara na Zanzibar wasiojua neno la Kihaya waliuimba wote, harusi kwa harusi. Ndani yake kuna mdundo wa ngoma za asili za kwetu, sauti ya kike isiyolazimishwa, na maneno yanayotoka kama mazungumzo ya uani.

Mwaka 2013 wimbo huo ukatumika katika filamu ya Kimarekani Peeples, iliyoongozwa na Tina Gordon Chism na kutayarishwa na Tyler Perry. Miaka 60 kamili baada ya Mogambo, sauti ya Kagera ilikuwa tena kwenye sinema ya Marekani. Safari hii haikuandikwa kabila. Ilikuwa na jina la mtu, jina la wimbo, na maisha yake nje ya filamu: mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliutumia kujenga wimbo wao Salome, na kizazi ambacho hakikuwa kimezaliwa 2001 kikaanza kuuliza Saida ni nani. Mwaka uliofuata mwenyewe akarudi na Orugambo.

Sheria nayo ilikuwa imebadilika katikati. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 iliunda COSOTA, ofisi ambako msanii anaweza kusajili kazi yake kabla mtu wa mbali hajaichukua. Saida Karoli ametufundisha kuwa Kihaya hakizuii muziki kusafiri. Kinachouzuia ni kukosa rekodi na kukosa jina.

Karagwe na Kyerwa, zilizogawanywa kuwa wilaya mbili mwaka 2012, leo zina hifadhi za taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizotangazwa 2019. Watengeneza filamu wataendelea kuja mtoni, na wengine wao watakuwa watoto wetu wenyewe wa Kayanga, Nkwenda na Murongo, wanaopiga filamu kwa simu na kamera ndogo. Nawaomba ninyi kwanza. Mkimwita mzee mpiga enanga akae mbele ya kamera yenu, msimtumie dakika moja mkamrudisha nyumbani. Mrekodini wimbo mzima, mbali na filamu. Mlipeni. Andikeni jina lake, la baba yake na la kijiji chake kwenye orodha ya washiriki, kisha mfuatane naye kusajili kazi hiyo COSOTA kabla filamu haijatoka.